Nazi ya Jamnaben

Usiku wa tano kati ya zile tisa zao
alinipigia: Hamdun, lete teksi, goti limegoma.
Kiswahili chake cha Mkunazini hakijachuja;
miaka yote hii ya Maskati
imekitia vumbi tu, kama kabati la marehemu.

Nilimchukua Ghubra. Mapajani, nazi
ndani ya kitambaa chekundu,
kaikumbatia kama apelekaye mtoto sindano.
"Ya wapi?"
"Ya Salala. Ndogo, lakini ina maji. Nimeitikisa."

Karibu na Ruwi tukawapita watembeao:
vijana wa Kachi, wapaka rangi, mafundi vigae,
wametoka kambi za Ghala tangu kazi kwisha,
viatu mkononi, kibendera kimoja kwa watu sita.
Kwao wangekwenda siku nne hadi mlangoni pa Ashapura.
Hapa wana usiku mmoja, wa kuamkia Ijumaa,
lami bado ina moto wa mchana,
na pasi zao zimelala kwenye sefu la tajiri.

Nilitaka kupiga honi. Akanishika mkono.
"Anayehiji hapigiwi honi."
Hiji. Neno likanikaa shingoni
mpaka Matrahi.

Hekalu lenyewe usingelijua.
Nyuma ya soko, chini duka la majora,
juu, ghorofa ya tatu, Mama mtimiza matumaini,
ati macho yake mengi. Mimi sijamwona.
Ngazi arubaini na moja nazijua:
kila mwaka huzihesabu kwa sauti akishuka.

Safari hii aliziangalia ngazi, akaniangalia mimi.
"Nifikishie mlangoni tu. Usiingie."

Mimi, ambaye Ishaa haijanikauka miguuni!
Nikasimama na nazi ya watu.
Paka akapita. Mwenye duka akashusha chuma.
Nikapanda.

Ngazi ya kumi na tisa, kijana akanifikia,
wa kundi lililotangulia, kisigino kimepasuka,
kila akanyagapo paacha doa.
Hakuuliza. Alinyoosha mikono miwili.
Nikaketi palepale. Kengele. Kisha: pa!
Mlio ule naujua tangu tumboni,
mama yangu, Wete, jikoni, mwezi wa mfungo.

Garini Jamnaben akanimegea kipande.
"Dini yako ikikataa, wape kuku."
Halafu, tukipita tena Ruwi:
"Kwenda ndiyo miguu. Kurudi, Mama haulizi."

Saa saba nilikuwa nyumbani.
Zuweina akachungulia dirishani mwa gari:
"Nani kakuna nazi humu?"
Sikumjibu. Kipande kilikuwa juu ya dashibodi,
kimeanza kutoa mafuta.

Teksi yangu ina viti vinne vya abiria.
Wao sita.
Nikachukua tena funguo.