Waya wa Breki

Mume wangu Sengphet hulipwa kutegua mitego.
Nyaya za breki za pikipiki, zile zile
anazouza shemeji Phouvong pale njia panda:
ukinunua kumi unaongezwa moja.

Akirudi milimani, siku ya kumi na mbili,
humwaga gunia sakafuni, mimi nahesabu.
Mia mbili arobaini na moja.
Mmoja umeshika kwato. Kwato tu.
Mwingine, miiba ya nungunungu na ukoko wa damu.

Wenye mradi walibandika picha ukutani mwa shule:
mnyama wa pembe mbili, ndefu, zimenyooka
kama vijiti vya kulia tambi,
uso una michirizi myeupe, utadhani
watoto wamempaka chokaa.
Wanasema hayupo popote duniani
ila kwenye mgongo huu wa milima yetu.
Sengphet hajawahi kumwona.
Baba yake aliwahi kumla.
"Alikuwa na ladha gani?" aliuliza binti wa mradi,
kalamu i tayari.
Baba mkwe akamtazama.
"Ya nyama."

Mshahara una miezi mitatu haujafika.
Mpunga wa mteremkoni umeliwa na panya
kabla hatujanoa mundu.

Juzi usiku Phouvong aliingia, hakuvua viatu.
"Tegua, sikukatazi. Lakini ile sitini
ya kijito cha Huay Sang ni ya mwanangu.
Anatafuta ada."
Sengphet akaangalia mikono yake.
Mimi nikaangalia chungu.
Mwana wa Phouvong nilimnyonyesha mimi
mwaka ule mama yake alipougua.

Mtego umetegwa kwa nguruwe
lakini hunasa chochote kipitacho,
na njaa nayo, naijua,
haichagui mguu.

Nyaya zilizoteguliwa haziruhusiwi kuuzwa.
Nimeziunga, ncha kwa ncha,
toka nguzo ya nyumba hadi kwenye mpapai,
naanikia nguo za mtoto.
Phouvong akipita hupunguza mwendo.
Anazijua. Huenda anazihesabu.

Leo alfajiri Sengphet amefunga mzigo:
wali wa kunata, chumvi, pilipili, tochi,
koleo ya kukatia.
Amesimama kidogo mlangoni, mgongo kwangu.
"Utapitia Huay Sang?"
Hakunijibu.
Amechukua magunia mawili.
Siku zote huchukua moja.