Kitatange Mgeni

Nimemleta kutoka Sahare kwa ndoo ya rangi,
mfuniko nimeutoboa kwa msumari.
Sasa mfuko unaelea tangini, dakika arobaini,
namtilia maji ya ndani kikombe, tena kikombe,
kama bi harusi anavyozoezwa ukweni.

Nikafungua mdomo wa mfuko.
Hakutoka.
Alitoka nilipokwenda kuzima jiko.

Picha, basi. Dada Kidawa anangoja huko Tabora.
Ya kwanza: mkia.
Ya pili: jiwe, na linapoishia jiwe, njano kidogo yenye haya.
Ya tatu: paji langu la uso,
taa ya dari imenikalia kama kilemba.
Ya kumi na moja nimeifuta bila kuitazama.

Kangaja, mwenyeji wa miaka miwili,
anampitia ubavuni akimwonyesha wembe wake wa mkiani.
Nagonga kioo kwa ukucha:
mgeni njoo, mwenyeji apone,
hili nalo hukulisikia huko mwambani?

Saa mbili na robo umeme ukakatika, Mabawa nzima.
Pampu ikanyamaza.
Nikaanza kuyakoroga maji kwa mkono, hadi kiwiko,
wa pili umeshika simu,
na gizani nikahisi kitu kinadonoa
malaika ya mkono wangu, mmoja mmoja,
bila haraka, kama karani anayehesabu noti.

Simu ikawaka. Nikamwona mzima,
mistari yake yote, jicho lake lote.
Kidawa: “Mbona kimya? Huyo anaungwa kwa nazi?”

Nikacheka. Maji yakatikisika.
Jiwe likammeza tena.