Chupa ya Tengeru

Alikuja Jumanne, mzee aliyebabuka na jua,
akamwuliza mume wangu lilipo kaburi la shangazi yake.
Safu ya tatu, Kaanaeli akamwonyesha.
Akatoa bia mkobani. Ya kwao, Polandi.
Nusu akanywa, nusu akaimwaga juu ya jiwe
polepole, kama sisi tumwagavyo mbege.
Hakuna aliyemfundisha.

Chupa aliisahau.
Lebo ina taji, ina mlima,
ina mwaka wa kale kuliko reli ya Moshi,
na jina lililopungukiwa irabu:
Elinaike alijaribu kulitamka, akapiga chafya.

Pombe yangu haina lebo.
Mama alipika, na mama yake,
ndizi zile zile, msesewe ule ule,
na hakuna aliyeandika popote “tangu”.

Jumamosi nikaiosha chupa, nikaijaza mbege.
Usiku ikafura, kizibo kikagonga bati.
Kaanaeli akacheka hadi akakohoa:
“Imekataa kuvaa taji la watu!”

Iliyobaki nimempelekea shangazi, safu ya tatu.
Ile ya juzi ilikuwa ya ujana wake.
Hii, kwa miaka yote aliyolala hapa,
ndiyo anayoisikia harufu
kila tunapoipua.