Chupa Nne

Muuguzi Gwyneth alinipa chupa nne ndani ya boksi la viatu:
waridi, limau, mkaratusi, karafuu.
"Nusa asubuhi, nusa jioni, sekunde ishirini kila moja,
na unaponusa, ukumbuke."
Nilicheka. Nikumbuke nini, na pua yangu
tangu homa ile ya Machi ni mlango uliozibwa kwa matofali?

Miezi mitatu nikanusa hewa.
Waridi: hewa. Limau: hewa yenye ubaridi kidogo.
Chai ilikuwa maji moto yenye rangi.
Mkate ukiungua, wa kwanza kujua ni macho.
Na huu ni mji wa Burton, jamani,
mji unaopika bia usiku na mchana,
mgeni akishuka tu kwenye treni huuliza, ni nini hiki?
Mimi nikiupita kama mtu anayetembea ndani ya picha.

Gwyneth alinichorea ubongo nyuma ya bahasha.
Macho, alisema, hubisha hodi. Masikio pia, na ngozi.
Kuna bawabu katikati ya kichwa;
huuliza, nani wewe, una shida gani, ndipo apitishe.
Harufu haina hodi.
Huingia kwa mlango wa uani, na viatu vyake miguuni,
hadi kwenye kipunje kama lozi kinachotunza hofu na furaha,
hadi kwa jirani yake aliyejikunja kama farasi wa baharini,
yeye kazi yake kuandika: lini, wapi, na nani.
"Ndiyo maana jina la kitu huja mwisho," akasema,
"au lisije. Chozi huwa limeshafika."

Basi nikaishika karafuu.
Mimi mtoto wa Konde, niliyelala juu ya magunia yake,
niliyechambua vikonyo hadi kucha zikageuka kahawia.
Nikasema, siku itakaporudi, itarudi na mama.
Nikamwandalia hadi kiti, humo kichwani.

Ikarudi Alhamisi, mwezi wa sita, kabla ya kwenda kazini,
nyembamba kama redio ya chumba cha pili.
Nikafumba macho nimpokee.

Akaja Bi Hattersley.

Bi Hattersley wa namba kumi na tisa, marehemu sasa,
na soksi zake za sufu na paka wake mwenye chongo,
Desemba, mwaka wangu wa kwanza huku,
jino linanitwanga, sina daktari, sina lugha,
naye ananisukumia mdomoni pamba ya mafuta ya karafuu
kwa kidole chenye pete, akiniita bata.
Ndivyo wanavyobembelezana watu wa hapa.
Mimi nilidhani ananitukana, na sikuweza kujibu,
mdomo umejaa.

Nililia kwa hasira. Mama yuko wapi?
Nikamwambia Gwyneth, chupa hii imekosea anwani.
Akafikiri.
"Kwenu karafuu ilikuwa hewa," alisema.
"Kinachonukia kila siku, pua huacha kukitolea taarifa.
Pengine ilibidi ufike huku, uumwe jino,
ndipo uinuse mara ya kwanza."

Septemba. Nasubiri basi mbele ya duka la dawa,
mvua imekatika sasa hivi,
upepo ukageukia toka upande wa viwanda
na mji mzima ukanukia hamira.
Sikuwa nimejiandaa. Sikufumba macho.
Mama alikuwa anafunika beseni la unga kwa kitambaa,
mwezi wa Ramadhani, hamira imekuja kwenye kikaratasi,
ya kuhesabu, ya kukopa,
kiwiko cheupe, na kwa kiwiko hicho hicho ananisukuma:
usifunue, wewe, utauingizia baridi.

Basi likaja, likafungua mlango.
"Unapanda, bata?"
Nikampungia dereva aende,
polepole, kwa mkono mmoja,
nisije nikafunua.