Usivute Pumzi

Hospitali kuu ya hapa Kisumu tuliiita Rasha.
Hata leo mwambie wa bodaboda, "Nipeleke Rasha,"
hakutajii nauli ya Moscow.

Mimi nilikuwa chumba cha eksirei,
binti wa Kanyakwar, miaka ishirini, viatu vya kuazima,
mbele ya mashine yenye herufi zilizogeuka
kama mtoto aliyevaa shati kinyume.
Fundi Gennadi, mla vichwa vya ngege,
alinifunza maneno mawili ya kwao:
vuta pumzi. Usivute.
Kwa hayo mawili nikafanya kazi miaka kumi na mitatu.

Nyumbani tulikuwa na dunia mbili ndani ya kopo moja la sukari.
Oluto alipanda ndege, akapungiwa leso, akashukia Ohio.
Nyangweso hakupungiwa. Alipita Kampala usiku,
Juba juu ya lori la chumvi, Khartoum, Kairo,
akaibukia Leningradi na malaria yake.
Huyu aliandika: huku kuna theluji.
Yule aliandika: huku kuna theluji.
Mama, asiyejua kusoma, aliuliza
ya nani ina baridi zaidi,
ajue amwombee nani kwanza.

Mwaka wa njaa yalikuja mahindi ya manjano kutoka Marekani.
Watu walisema ni ya nguruwe. Tukala.
Gunia lilichorwa mikono miwili ikisalimiana;
mama akalishona kaptura ya kitinda mimba,
na urafiki wa mataifa ukakaa makalioni
hadi darasa la nne, ulipotoboka.

Methali ya fahali wawili na nyasi msinisomee.
Nyasi haziandikiwi barua na fahali wote wawili,
wala haziulizwi, "Na wewe, unaegemea wapi?"

Aliyeuliza alikuwa Bwana Lutomia, kachero,
koti zito kwenye jua la saa nane.
Alitaka kujua nani wodini anasoma vitabu vyekundu.
Kati ya swali na swali alikohoa.
Nikamwambia avue shati.
Nikamwambia kwa Kirusi asivute pumzi,
naye, mtumishi wa serikali, akatii.
Kwenye sahani, pafu la kushoto: wingu.

Miezi kumi na minane alipanga foleni
kumeza vidonge vya haohao
huku akiandika majina ya waliosimama mbele yake.
Siku moja akaninong'oneza,
"Hongera. Nyangweso kapata mtoto wa kike."
Barua ilifika wiki tatu baadaye,
gundi bado mbichi.

Oktoba ile siielezi.
Nitasema tu kwamba sahani zilikuja nyingi kwa siku moja,
na kwamba risasi kwenye eksirei ni nyeupe,
haina herufi zilizogeuka wala zilizonyooka.
Nilitafuta.

Gennadi aliondoka bila kuaga.
Mashine ikafa, ikaja ya Wajapani.
Oluto alirudi, akapewa ofisi yenye pazia.
Nyangweso alirudi, shahada yake ikahojiwa
kama mgeni aliyebisha hodi usiku;
akaishia kutengeneza pampu za mashamba ya mpunga Ahero.
Jioni wakikutana kwa mama
walibishana juu ya joto la Kisumu tu.

Lutomia alizikwa Vihiga,
miaka miwili baada ya ukuta kule Ujerumani kubomolewa.
Nilikwenda. Mjane wake alinivuta nyuma ya jiko
akanitia bahasha mkononi:
stempu ya Leningradi, elfu moja mia tisa sabini na moja,
jina la mama.
Haikuwa imefunguliwa.

Mama alishalala Kanyakwar, miaka sita.
Wala Nyangweso sijamwambia.
Asubuhi naiinua dirishani, kwenye mwanga,
kama nilivyofunzwa.
Naona mistari, mistari, doa,
na pumzi nimeishika.