Punje ya Mchele

Jino lilitoka Jumanne. Nililisikia kabla sijaliona:
kijiko cha uji kikagonga, ti,
na ufizi haugongi.

Prashanth akaja mbio, povu la kunyolea shavuni,
akatia kidole kinywani mwa mwanawe,
akang'atwa, akacheka
kama mtu aliyelipwa deni alilokwisha kulisamehe.

Ijumaa akafika mama yake, Lingamma,
kwa basi la usiku kutoka upande wa Nalgonda,
na mfuko wa mchele wa shamba lao, na ukwaju,
na ncha ya sari mdomoni, kama kawaida.
Mwaka wa nne huu mimi ni mkwe wake.
Kicheko chake nakijua kwa mabega tu.

Asubuhi akaikuta tyubu kando ya sinki,
ndogo, ya waridi, ina sungura aliyeshika mswaki.
"Nisomee," akamwambia mwanawe.
Prashanth akasoma, akafika kwenye neno lile, akameza mate,
lakini alikuwa ameshalitamka.

Floraidi.

Kiingereza hakijui. Neno hilo analijua.
Aliletewa na bwana wa serikali mwenye kopo la rangi,
aliyeipaka pampu ya kijiji nyekundu, akapanda jipu yake, akaenda.
Pampu ilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu.
Ilichimbwa yeye akiwa wa mitatu, kwa ngoma na maua;
maji yakatoka maangavu, baridi, bila harufu,
watoto wakayanywa kwa viganja, wakishindana.
Meno ya ukubwani yakaota na michirizi ya kahawia
kama kikombe kilicholala na chai.
Kaka yake, Yellaiah, magoti yalimpinda.
Mchumba wa kwanza alikuja, akaomba acheke kidogo,
akamaliza chai yake, akaaga kwa adabu.

Nilipotoka kuoga, tyubu ilikuwa kwenye pipa la taka,
imeviringishwa gazetini kama kitu kilichokufa.

Nami nina kinywa changu.
Sikukulia kwenye maji yale. Nilikulia nyuma ya duka la peremende,
Vijayawada, baba akiuza, mimi nikionja,
na nilipokuwa na miaka minne watu wawili walinishika mikono
daktari akang'oa manne, meusi,
na usiku ule mama akanipa peremende ili ninyamaze.

Daktari Meherunnisa alisema: punje ya mchele.
Kiasi hicho tu, asubuhi na usiku, tangu jino la kwanza.
Akimeza, ameza. Kinachoumiza ni wingi, tena wingi wa miaka.
Nikaiokota tyubu, nikaufungua mfuko wa Lingamma,
nikachukua punje moja, nikailaza juu ya sahani,
nikakamua pembeni yake dawa nyeupe, urefu ule ule.
"Hii," nikasema. "Si kisima. Hii tu."

Aliyeumwa na nyoka, ung'ongo humshtua:
nilidhani ndilo nililokuwa nikishindana nalo,
woga wa zamani.
Akainama, akavitazama vyote viwili kwa muda mrefu.
Kisha akaiondoa ncha ya sari, akaniuliza, meno yake wazi:
"Na maji yenu haya ya kisima cha ghorofa,
mnayompikia uji,
nani ameyapima?"

Sikuwa na jibu. Daktari hakuniuliza, nami sikumwambia
kwamba kiangazi mabomba ya jiji hukauka
na lori hutuletea maji. Huyachota wapi, hakuna ajuaye.

Jumatatu nilipeleka chupa maabara. Majibu baada ya siku kumi.
Kwa sasa uji ni wa maji ya kununua,
na Lingamma ndiye anayeikamua tyubu:
nusu punje, naye huipunguza tena kwa ukucha.
Kila usiku tunagombania hiyo robo.
Mtoto hana habari. Ameuma mswaki, hauachii,
na chini, upande wa kushoto,
kuna cheupe kingine kinasukuma.