Kiti cha Tatu

Juni, Mbeya. Chaki inateleza vidoleni kwa baridi.
Wakili Subilaga anaingia na koti la marehemu mumewe,
mafaili kayafunga kwa kamba ya katani.
Kitabu hafungui. Anaburuta viti vitatu mbele ya darasa.

"Hiki cha hakimu. Hiki cha mwendesha mashtaka.
Hiki?"
Cha mshtakiwa, tukasema.
"Cha mkalimani. Leo asubuhi kilikuwa kitupu."

Vijana kumi na tisa wa Kihabeshi,
wametolewa chini ya magunia ya viazi pale Igawa,
mmoja kiatu kimoja.
Wakaulizwa kwa Kiswahili kama ni kweli.
Kati yao aliyejua neno alijua moja tu,
kafunzwa na dereva:
ndiyo.
Akalisema. Wote wakaandikwa wamekiri.

Miaka ishirini na sita, hivyo hivyo:
kesi anashindwa asubuhi, mchana anaifundisha.
Sisi tulitaka vifungu vya mtihani.

Jana Tunduma, kesi yangu ya kwanza,
joho la kuazima, magoti yakinicheza.
Hakimu akafungua faili, akakohoa.
"Mheshimiwa," nikasema, "kabla hujawauliza lolote,
kiti kile pale."